Mzee Herufi na Chuo cha Juu ya Duka la Magodoro

Na ifahamike kwa wote, walio karibu na walio mbali, wenye watoto na waliobahatika kutokuwa nao: Kamati ya Wazazi ya shule ya msingi, baada ya kukaa kikao halali, kunywa chai na kumaliza sukari yote ya ofisi, imemtangaza mchora mabango mmoja, maarufu kwa jina la Mzee Herufi, kuwa Mzazi Bora wa Mwaka, Nguzo ya Elimu na Mwenge Usiozimika. Bwana huyo amefikisha watoto watatu vyuoni bila kuuza nyumba, bila kutoroka na bila kufungwa. Kwa heshima hiyo, bango kubwa litasimamishwa kwenye lango la shule. Na kwa kuwa mji mzima hakuna anayechora vizuri kwa bei ya chini kama yeye, kamati imempa mshindi mwenyewe kazi ya kulichora. Kwa punguzo.

Mzee Herufi alisomewa tangazo hilo akiwa kibandani kwake, brashi mkononi. Alijibu, lakini si siku hiyo. Kabla hatujalifikia jibu lake, ni haki mtu amjue.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyopinda kwa kuzoea kusimama juu ya ngazi akiinamia ukuta. Ukitaka kujua nani kafungua duka mtaani, usiulize, mtazame vidole. Wiki ya kinyozi vilikuwa vyekundu, wiki ya duka la dawa vikawa vya kijani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee Herufi alikula, akavaa na kusomesha kwa nusu ya pili ya methali hiyo. Kibaya kikitaka kutembea, kilikuja kwake kununua miguu.

Alikuwa fundi hasa. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akachora kwa penseli, akarudi nyuma hatua kadhaa na kufumba jicho moja, ndipo akafungua kopo. Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia nafasi tupu. Bango likibaki na pengo mwishoni, halali usingizi. Lazima ajaze. Kinyozi aliyeagiza "Kinyozi" alijikuta "Kinyozi wa Kisasa". Muuza mkaa aliyeagiza "Mkaa Upo" alipata "Mkaa Upo, Karibu Sana, Ahsante". Wateja hawakulalamika. Neno la bure nani alikatae?

Mbele ya kibanda chake, ng'ambo ya barabara, palikuwa na jengo la ghorofa moja. Chini waliuza magodoro, juu waliuza elimu. Mkurugenzi wa hiyo ya juu aliitwa Dokta. Hakuna aliyejua ni daktari wa nini, na mwenyewe hakupenda kubanwa. Siku alipoleta ubao wa jina la chuo, herufi zilikwisha na ubao ukabaki.

"Dokta, hapa pamebaki pengo. Nijaze nini?"

"Jaza unachoona kinafaa, Mzee. Wewe ndiye fundi."

Mzee akajaza "Cha Kimataifa". Muhula uliofuata ada ilipanda, kwa sababu ya umataifa.

Ni yeye pia aliyeandika milango ya ndani. Aliandika "Maktaba" kwenye stoo ya ndoo na mafagio. "Vitabu viko njiani," Dokta alimwambia. Hiyo ni miaka mingi sasa. Hata vingekuwa vinakuja kwa kutambaa vingeshafika. Aliandika "Maabara" kwenye chumba chenye meza moja na sinki lisilo na bomba. Mzee hakuuliza. Mchora mabango akianza kuuliza, atakufa na njaa.

Nyumbani kwake palikuwa na sebule, chumba cha wazazi, na vyumba vitatu vya watoto. Hakuvijenga kwa mpigo. Kila mtoto alipozaliwa aliongeza chumba, matofali ya mkopo na bati la kubahatisha, hivyo nyumba ikarefuka kwa nyuma kama mkia. Cha kwanza cha Mkubwa, mtoto wa kiume. Cha pili cha binti wa kati, ambaye wote walimwita Kati. Cha mwisho cha Kitinda, binti wa mwisho, aliyekuja wakati wazazi walishagawa nguo zote za watoto wachanga.

Sheria ya nyumba hiyo ilikuwa moja, nayo aliitunga Mzee mwenyewe, akaisema mezani mara nyingi mpaka watoto wakawa wanaimalizia: aliyetangulia amvute aliye nyuma. Baba atamsomesha Mkubwa, Mkubwa atamsomesha Kati, Kati atamsomesha Kitinda. Ilikuwa sheria nzuri, yenye akili, nayo ilifanya kazi. Kasoro yake haikuonekana mezani. Ili umvute mdogo wako lazima upate kazi. Kazi ziko mbali. Kwa hiyo kila aliyefaulu aliondoka na sanduku lake, na mlango mmoja wa ule mkia ukafungwa.

Mkubwa alikwenda mji mwingine kuuza bima. Kati alikwenda kuwa nesi mahali pengine tena. Kisha Mkubwa akapata mtoto, mke wake akarudi kazini, na Mama watoto akaombwa aende kusaidia kulea, wiki mbili tu. Mzee alimsindikiza stendi na kumwambia asisahau miwani. Mjukuu akakaa, akatambaa, akasimama, akaanza shule. Mama alipokuwa anafunga mizigo kurudi, akazaliwa wa pili.

"Wiki mbili tu, Baba watoto," Mama alisema kwenye simu.

"Sawa. Miwani unayo?"

"Ninayo."

Basi wakabaki wawili, Mzee na Kitinda. Na Kitinda alikuwa mtu wa kutosha. Alikuwa na mdomo, huyo. Jioni alikuja kibandani kumsaidia kuosha brashi, akamwambia wateja wake wote ni waongo na yeye ndiye karani wao. Alijifunza herufi kwa kutazama, mpaka akawa anajazia rangi bila kutoka nje ya mstari. Mzee alipokohoa usiku, palikuwa na sauti upande wa pili wa ukuta: "Kunywa maji, Baba!" Ni jambo dogo kusikia mtu akikuamrisha unywe maji. Waulize wasio na wa kuwaamrisha.

Kitinda akamaliza sekondari, akafaulu. Alitaka kitu kimoja tu: ufundi wa maabara ya hospitali. Familia ikakaa kikao, kila mtu kwenye simu yake, na ya Mzee ikaegemezwa kwenye kopo la rangi nyeupe.

Mkubwa ndiye aliyefungua. "Baba, mimi nasema aende chuo nilichosoma mimi. Jina la chuo ni mtaji."

"Mtaji upi, Kaka?" Kati akadakia. "Ulisoma kwenye jina hilo, leo watu wakikuona na mkoba wa bima wanavuka barabara."

"Mheshimu kaka yako!"

"Nakuheshimu. Ndiyo maana sijautaja ule mwaka uliourudia. Na ada ya pale nani atalipa? Zamu ni yangu, na mimi mshahara wa nesi naujua."

"Mtoto analia huku," Mama akasema, "semeni haraka."

"Jamani, mimi nipo," akasema Kitinda. "Hamniulizi?"

"Wewe nyamaza kwanza," Mkubwa akamjibu, "tunakujadili."

Kati akatoa hoja yake. Kuna chuo cha serikali, safari ya kutwa nzima na kipande kwa basi. Ada yake ni ndogo.

"Ndogo kiasi hicho?" Mkubwa akaguna. "Lazima kina kasoro."

"Kina mabweni, kina walimu, na kila mwanafunzi anakalia hadubini yake. Nafanya kazi na waliotoka kule. Damu ya mtu hawaipimi kwa kubahatisha. Baba, wewe unasemaje?"

Mzee Herufi alitazama simu. Hesabu yote ilikuwa upande wa Kati, hata kipofu angeiona. Lakini aliona pia basi, na sanduku, na mlango wa tatu wa mkia ukifungwa.

"Tulale nalo," alisema. Ilikuwa saa tisa mchana.

Kesho yake, kana kwamba shetani ana ratiba, Dokta alivuka barabara na ubao mwingine. Alitaka orodha ya kozi ipakwe upya. Zilikuwa kozi saba, kuanzia uhazili hadi utalii. Mzee akapiga mstari, akachora, akapaka. Ya saba ikaisha, na chini pakabaki nafasi ya mstari mmoja kamili. Akarudi nyuma, akafumba jicho. Nafasi ile ikamtazama.

Mkono ulitembea wenyewe, hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye. Aliandika, kwa herufi nzuri kuliko zote za ubao ule: "Ufundi wa Maabara".

Dokta alipokuja kuuchukua alisoma mpaka chini, akakuna kidevu. "Hii si yetu."

"Nafasi ilibaki," akasema Mzee. "Nitaifuta."

"Hebu iache kwanza. Tuone soko linasemaje."

Soko lilisema upesi, na lilikuwa linaishi nyumbani kwa Mzee. Kitinda aliingia mbio hata viatu hakuvua.

"Baba! Wameanzisha! Hapo ng'ambo tu! Ada si kubwa, bweni sihitaji, nauli sihitaji, chakula nakula hapa. Nimeshampigia Dada Kati, anasema kama kozi ipo kweli, basi heri ya karibu. Na wewe hutabaki peke yako na hayo makopo." Kisha akainama kuvua viatu. "Lakini wewe ndiye uliyeandika milango yote kule. Maabara yao ikoje?"

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Herufi zake nzuri," akasema.

Siku zile zilikuwa na raha yenye mchanga ndani, kama wali wa mchele uliopembuliwa vibaya. Kitinda alichukua shati jeupe la zamani la Mkubwa, akalikata mikono, akalipiga pasi, likawa koti la maabara. Alitembea nalo ndani ya nyumba akiuliza nani anaumwa. Mzee alicheka, kisha akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Ng'ambo, watu walisimama chini ya ubao, wakasoma mpaka mstari wa mwisho, wakapanda ngazi. Soko lilikuwa limeitikia.

Asubuhi moja aliingia jikoni akamkuta Kitinda amepanga makopo mezani, anayaandika majina kwa brashi ndogo. Chumvi. Sukari. Majani ya chai. La mwisho lilikuwa tupu, nalo alikuwa ameliandika "Kahawa", kwa herufi wima kabisa, mkono wa baba yake mtupu.

"Hatuna kahawa," Mzee akasema.

"Kopo lilibaki. Siku moja tutakuwa nayo."

"Mwanangu, kopo tupu haliandikwi jina. Kuna siku mtu atalifungua."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kufundisha, kama fundi kwa mwanafunzi. Kisha akajisikia. Alisimama katikati ya jiko na kikombe mkononi kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu. Akakiweka chini, akatoka bila kunywa.

Saa nne, jua likiwa kali na barabara imejaa watu, Mzee Herufi alivuka na ngazi begani. Akaiegemeza ukutani, juu kidogo ya godoro la maonyesho, akapanda na kopo la rangi nyeupe. Akaanza kufuta mstari wa mwisho. Hakufuta ovyo, alifuta kwa ufundi, kutoka kushoto kwenda kulia, brashi imelala.

Dirisha likafunguka. "Mzee! Mzee Herufi! Unafuta nini hapo? Hiyo ndiyo kozi inayouza!"

"Nafuta kosa, Dokta."

"Kosa la nani?"

"La fundi."

"Hata kama ni kosa, limeshalipiwa fomu!"

Muuza magodoro akatoka kutazama, na nyuma yake wapita njia, maana mzozo wa juu ya ngazi ni sinema ya bure. Kitinda naye akatokea, koti lake la shati mwilini. Alikuwa amekuja kurudisha fomu.

"Baba, shuka."

"Imebaki herufi tatu."

"Shuka, Baba."

Akamaliza zile tatu, ndipo akashuka. Wakakaa kwenye godoro la maonyesho, na muuza magodoro, kwa mara ya kwanza katika historia ya duka, hakumfukuza mtu.

"Hiyo kozi," akasema Kitinda taratibu, "umeitunga wewe?"

"Nafasi ilibaki."

"Na walimu, nao umewatunga?"

"Walimu hawakuwa na nafasi."

Kitinda akacheka, kicheko kikamponyoka tu, kisha kikakatika. "Kwa nini, Baba?"

Mzee alitazama mikono yake, myeupe yote kama ya mwokaji. Maneno yalikuwepo. Aliyapanga, akayapima, akarudi nyuma na kuyafumbia jicho moja. Yalikuwa marefu mno kwa ubao aliokuwa nao.

"Nafasi ilibaki," akarudia.

Safari hii Kitinda hakucheka. Alimwegemea begani, rangi mbichi ikamwingia kwenye koti, akakaa hivyo. Kisha akamwambia, "Twende juu nikaione hiyo maabara." Wakapanda. Akafungua mlango wenye herufi nzuri, akaitazama meza, akalitazama sinki, akafungua na mlango wa Maktaba, ndoo moja ikamwangukia mguuni. Akaufunga kwa adabu. "Dada Kati anasema kule kila mtu ana hadubini yake," akasema, na hilo ndilo lilikuwa uamuzi. Kikao kingine hakikuitishwa.

Dokta hakushindwa, watu kama Dokta hawashindwi. Wiki haikupita, akaning'iniza turubai lililochapwa kwa mashine, kozi nane, picha ya mzungu ameshika chupa. Lakini kibanda cha Mzee kilikuwa pale pale mkabala, na mzazi aliyekuja kumuuliza njia ya kwenda juu aliambiwa jambo moja tu, bila chuki: "Kabla hujalipa, omba ufunguliwe Maktaba." Wengine waliomba. Wengine walilipa. Dokta hakumpa kazi tena.

Ada aliilipa Kati, kama sheria inavyotaka. Mkubwa aliahidi nauli, akatuma kwenye simu picha ya mikono iliyofumbatwa kuomba dua. Nauli akatoa Mzee, na koti jeupe la kweli, na godoro, alilonunua chini ya Dokta kwa bei ya jirani. Stendi, Kitinda alichungulia dirishani.

"Baba, makoti mawili wanataka, si moja. Na kila muhula kuna vifaa. Tutaweza?"

"Tutaweza."

"Na usiku ukikohoa?"

"Nitakunywa maji."

"Nani atakuambia?"

Basi likanguruma. Likaondoka.

Nyumba ile ilikuwa ndefu, sasa ikawa ndefu zaidi. Mzee alifagia sebule, na kwa kuwa hapakuwa na aliyeichafua, kesho yake akafagia alama za ufagio wa jana. Alipika wa watu wawili, akala siku mbili. Alijaribu kuacha milango ya mkia wazi ili nyumba ipumue, lakini upepo ulipoigonga alikuwa anaitika. Akaifunga. Kwenye rafu ya jikoni lile kopo la kahawa lilikuwa bado na jina lake. Hakulifuta. Hakununua kahawa pia, hakuipenda. Mama akipiga simu, walizungumza kuhusu miwani.

Ndipo Kamati ya Wazazi ilipokuja na tangazo lao na ubao mkubwa mpya.

Aliichora kazi hiyo kwa uangalifu kama kazi ya mtu mwingine. Nguzo ya Elimu, kwa bluu. Mwenge Usiozimika, kwa nyekundu yenye kivuli. Siku ya mwisho kamati nzima ilikuja kibandani kukagua, mbele yao Mama Mwenyekiti, mwanamke wa kitenge cha kupigwa pasi na sauti ya kufungulia mikutano. Alisoma ubao wote kwa sauti, mpaka wapita njia wakasimama. Mmoja wa wajumbe akapiga makofi, wengine wakafuata ili asiaibike. Kisha Mwenyekiti akainama, akaonyesha kwa kidole.

"Lakini, Mzee wetu, hapa chini pamebaki nafasi ya mstari mzima! Nasi tunakujua, nafasi tupu huivumilii." Kamati ikacheka. Mwenyekiti akainua mkono, akarudi kwenye sauti yake ya mikutano. "Basi jaza wewe mwenyewe neno lako la hekima, Mzee. Watoto watatu, vyuo vitatu! Wazazi wa mji huu wanataka kujua: elimu imekuachia nini?"

Mzee Herufi akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akapima.

"Vyumba vitatu," akasema. "Vinapangishwa."